Altezza RS200 kuwa gari dogo la fremu ya paipu: nianze kukata wapi?

MtuWaMsamvu:

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna Toyota Altezza RS200 ya 2001, gia sita za mkono, imegongwa ubavuni mpaka nguzo ya kati imeingia ndani. Bodi haifai tena kunyooshwa, ila injini ya 3S-GE, gia boksi, difu, habu zote nne na stelingi raki ni vizima. Nataka kuvihamishia kwenye fremu ya paipu: gari la viti viwili, injini mbele, tairi za nyuma zinasukuma, umbo la Lotus Seven, yaani boneti ndefu, bila paa wala milango.

Nimepata michoro ya fremu ya skwea paipu ya milimita 25 kwa 25, ile ya Waingereza iliyochorwa kwa ajili ya Ford Escort ya zamani. Nikiifuata kama ilivyo, mashine ya Altezza itaingia? Paipu za madukani kwetu zinatosha au niagize? Mashine yangu ya kuchomelea ni ya fito, nasikia watu wanasisitiza MIG (ya waya na gesi). Springi na shokapu za Altezza zinafaa kubaki? Halafu kuna fundi ananishauri nifupishe shafti zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye magurudumu kwa kukata na kuchomelea, ili gari liwe jembamba kama la kwenye mchoro. Hili la mwisho ndilo limenitia wasiwasi.

Naomba majibu yenye vipimo. Ya kutiana moyo ninayo ya kutosha.

VeniaMkononi:

Mkuu, kabla hujawasha grinda, hiyo michoro iweke pembeni. Sio mibaya, ila imechorwa kuzunguka vitu ambavyo wewe huna. Escort ya zamani ina ekseli ngumu ya nyuma, yaani bomba moja la difu linalopanda na kushuka pamoja na magurudumu, na gari lenyewe ni jembamba. Altezza difu lake limefungwa kwenye bodi, kila gurudumu lina amu zake (mikono inayolishika), na umbali wa tairi hadi tairi ni karibu milimita 1,495 mbele na 1,485 nyuma. Ukijenga fremu ya Escort utabaki na amu ndefu za ajabu, au utaangukia kwenye huo ushauri wa kukata shafti.

Shafti hizo usizikate. Zimekomazwa kwa moto kiwandani ili ngozi ya nje iwe ngumu na kiini kibaki na unyumbufu. Ukichomelea, pembeni ya weldi chuma kinabadilika: sehemu moja inalainika, jirani yake inakuwa kama kioo. Haitakatika siku unayoijaribu polepole uani. Itakatika gia ya kwanza, tairi zikiwa zimeshika lami vizuri. Upana wa nyuma wa Altezza uache ulivyo, na fremu ndiyo ifuate.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: panga kwanza vitu usivyoweza kuvibadilisha, kisha fremu iwe kamba inayovifunga pamoja.

Cha kwanza ni nyuma. Kwa mtu anayejenga gari la kwanza, ningetoa fremu ndogo ya nyuma ya Altezza nzima nzima, pamoja na difu, amu, habu na breki, na kuifunga kwenye fremu mpya kwa mauntini (vishikizo) zake nne. Ni nzito kuliko ya kujitengenezea, lakini jiometri yote ya nyuma umeipata bure kutoka kiwandani, na nyuma ndipo kosa dogo linapomzungusha mtu barabarani. Kitu kimoja tu: pima urefu wa mauntini hizo kutoka sakafuni Altezza ikiwa bado imesimama kwa magurudumu yake, kabla hujaibomoa. Watu wengi husahau, halafu wanabahatisha pembe ya difu.

Cha pili, injini na gia boksi vikiwa vimeshikana. Viweke juu ya mbao kwenye meza ya kujengea, katikati kabisa ya mstari wa gari, nyuma kadiri inavyowezekana mpaka gia boksi iguse mahali magoti yatakapokuwa. Pima kutoka chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) hadi juu ya kofia ya valvu. Hicho ndicho kinachoamua urefu wa boneti, na 3S si injini fupi. Kwa barabara zetu sampu isishuke chini ya milimita 130 kutoka lami gari likiwa na watu wawili. Matuta yetu hayajui kwamba gari lako ni la michezo.

Cha tatu ni dereva. Kaa wewe mwenyewe kwenye kiti, kanyaga pedali za Altezza zilizofungwa kwenye ubao. Mtu wa urefu wa kawaida anahitaji karibu mita moja hadi mita 1.1 kutoka mgongo wa kiti hadi kwenye pedali ya klachi ikiwa juu. Upande wa miguu usipungue milimita 280 ndani kwa ndani, la sivyo kiatu kitakanyaga breki na mafuta kwa pamoja. Angalia pia eksozi ya injini inatokea upande gani na kama inapishana na safu ya stelingi. Ikigongana hapo, hakuna fremu itakayokuokoa.

Baada ya hapo ndipo unapima umbali wa ekseli hadi ekseli. Altezza ina milimita 2,670. Kwa gari la aina hii ukipata kati ya 2,350 na 2,450 uko pazuri. Usilazimishe namba, ikubali inayotokana na miguu yako na gia boksi.

Sasa paipu. Saizi ya 25 × 25 inatosha, lakini unene uwe 1.6 halisi. Dukani utaambiwa zote ni 1.6. Njia rahisi kuliko venia, kile kipimo cha unene (ncha ya paipu huwa imebonyea au ina ukingo wa msumeno) ni mizani. Paipu ya 1.6 ina karibu kilo 1.12 kwa mita, ya 1.2 ina karibu 0.87, ya 1.0 ina karibu 0.73. Fremu yote itakula mita 50 hivi, kwa hiyo nunua paipu kumi za mita sita, na moja kati ya hizo itaishia kwenye makosa. Usichukue zilizopakwa zinki: moshi wake unaleta homa ya usiku mzima, na weldi inajaa vitundu.

Meza ya kujengea ni muhimu kuliko mashine ya kuchomelea. Plaiwudi moja ina mita 2.44 na fremu yako itazidi hapo, tena plaiwudi inapinda ikipata moto. Tumia paipu mbili nzito za mstatili zilizolala sambamba, zipimwe kwa pima maji na uzi, ziwe na miguu isiyotikisika. Chora mstari wa katikati. Kila pembe nne unayotengeneza, pima ulalo mmoja na mwingine. Zikitofautiana zaidi ya milimita 2, usiendelee.

Kata kila kiungo mpaka pengo lisizidi milimita moja. Shikiza fremu NZIMA kwa vidoti kwanza, sakafu, juu, handaki la gia boksi, sehemu ya difu, ukiweka injini na kuitoa angalau mara mbili kabla ya weldi ya mwisho. Wakati wa kumalizia usikae kona moja. Choma kiungo cha mbele kulia, nenda nyuma kushoto, acha ipoe, rudi. Ukianza mbele na kumaliza upande mmoja wote, fremu itajipinda kama ndizi na hakuna jeki itakayoinyoosha sawasawa.

Mashine ya fito inawezekana kwa 1.6, lakini fito iwe ya milimita 2.0 aina ya 6013, ampea 45 hadi 60. Fito ya 2.5 ambayo kila fundi wa mageti anayo itatoboa. MIG yenye waya wa 0.8 na gesi ya agoni iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi, ampea 60 hadi 80, inasamehe zaidi na unaona unachofanya. Vyovyote vile, choma viungo ishirini vya majaribio, vivunje kwa nyundo kwenye jiriwa. Paipu ikichanika pembeni ya weldi, sawa. Weldi ikibanduka kama plasta, hujaiva. Na tafadhali usisage weldi za fremu ili zipendeze kwenye picha. Ule mgongo wa weldi unaousaga ndio uliobeba mzigo.

MtuWaMsamvu:

Shukrani sana mkuu. Nimeelewa, fremu ndogo ya nyuma inabaki na shafti haziguswi. Sasa mbele nifanyeje? Na nitajuaje kama fremu ina ugumu wa kutosha kabla ya kufunga kila kitu?

SpringiNne:

Nianze na ugumu, kwa sababu unapimika kwa vitu vya kawaida.

Fremu ya paipu inapata ugumu kutokana na pembetatu, sio kutokana na unene. Pembe nne tupu bila mshazari inajikunja hata ukiijenga kwa reli ya treni. Tatizo la magari haya ni kwamba mahali panapohitaji mshazari zaidi, juu ya injini na juu ya miguu ya abiria, ndipo unapotaka nafasi wazi. Kabla ya kukata chuma, tengeneza modeli ya vijiti vya mishikaki na gundi, skeli ya 1:10. Ishike nyuma, isokote mbele kwa vidole. Sehemu inayolegea utaiona kwa macho, na ndipo mshazari unapokwenda.

Fremu halisi ikishashikizwa vizuri, funga nyuma kwenye meza kabisa. Mbele iegemeze kwenye ncha moja tu katikati, kipande cha paipu ya duara kinatosha. Funga boriti ya kuvuka mbele, mita moja kutoka katikati upande mmoja, ning'iniza kilo 50. Hapo una msokoto wa karibu nyutoni-mita 490. Pima kila upande wa fremu umeshuka au kupanda kiasi gani. Tuseme reli zako za mbele ziko milimita 600 kutoka moja hadi nyingine, upande mmoja umeshuka 2 na mwingine umepanda 2: hiyo ni 4 kwa 600, karibu digrii 0.38. Gawanya 490 kwa 0.38, unapata karibu 1,290 kwa digrii. Kwa gari la kilo 700 lenye springi za kawaida hiyo inafaa. Ukipata 500, ongeza mishazari kwenye sehemu ya injini na kwenye handaki, kisha pima tena. Mara nyingi paipu mbili zilizowekwa mahali sahihi zinafanya kazi kuliko kuongeza unene kila mahali.

Mbele: habu za Altezza zina boljointi juu na chini, kwa hiyo unazitumia, ila amu unatengeneza mpya. Tumia paipu ya duara isiyo na mshono, kipenyo 25, unene 2.5. Upande wa fremu weka bushi za mpira au poliyurethani zenye bomba la chuma ndani, bolti ya M12 ya daraja 8.8 au zaidi, ikibanwa pande zote mbili na sikio la chuma cha milimita 3. Sikio la upande mmoja tu linapinda. Boljointi ya chini tumia ya kiwandani. Usiweke kichwa cha bearingi chenye uzi pale ili tu uweze kurekebisha, kwa sababu uzi hupinda breki inapokamatwa na huanza kukatika kwenye msitari wa kwanza wa nati.

Stelingi raki ndiyo inayowashinda watu. Ina urefu wake kutoka mpira hadi mpira, na urefu huo ulipangwa kwa ajili ya amu za Altezza. Ukipeleka masikio ya amu ndani au nje bila kuangalia raki, gurudumu litajigeuza lenyewe kila linapopita kwenye shimo, wewe umeshika usukani umetulia. Jaribio: toa springi, funga taa ya leza au kipande cha bati kirefu kwenye habu, weka ubao mbele yake, usukani ufungwe katikati. Inua gurudumu milimita 50, shusha 50, weka alama kila 10. Alama zikienda upande mmoja kwa mstari wa mshazari, kimo cha raki si sahihi, ipandishe au ishushe kwa washa (vibati vya duara vya bolti). Zikichora upinde, yaani linageukia upande uleule likipanda na likishuka, urefu wa raki haulingani na amu zako. Hapo unahamisha masikio ya fremu. Washa hazitakusaidia. Ndiyo maana masikio ya mbele huchomwa mwisho kabisa, baada ya jaribio hili. Lengo ni badiliko lisilozidi milimita moja kwa kila 25 za kupanda.

Na usiipeleke raki kutoka nyuma ya ekseli kwenda mbele yake, au kinyume, bila kufikiri. Utakata kulia, gari liende kushoto. Inachekesha ikiwa bado juu ya stendi tu.

Springi za Altezza hazifai. Zilibeba gari la kilo 1,340 hivi, lako litakuwa na 700 na ushee. Zikibaki, gari litasimama juu kama mbuzi na kurukaruka. Hesabu ya mbele: gari na dereva na mafuta tuseme kilo 825, nusu iko mbele, kila gurudumu 205, toa 35 za tairi, habu na breki, zinabaki 170 zinazobebwa na springi. Kwa gari la michezo la barabarani chukua mtikisiko wa 1.7 kwa sekunde. Unahitaji karibu nyutoni 19.4 kwa milimita pale gurudumuni. Lakini shokapu yako haijafungwa gurudumuni, imeshika amu katikati na imelala. Pandisha gurudumu milimita 10 uone springi imebana kiasi gani. Ikibana 6.5, uwiano ni 0.65, unauzidisha kwa wenyewe unapata 0.42, na 19.4 ukigawanya kwa hiyo inakuwa 46 kwa milimita. Springi nyingi za mashindano huandikwa kwa pauni na inchi: tafuta 260.

Shokapu za pikipiki watu wanazipenda kwa sababu zinaonekana vizuri kwa nje. Springi yake unaweza kubadilisha, lakini mafuta na valvu za ndani zimepangwa kwa mzigo mwingine kabisa. Gari litaendelea kuyumba baada ya tuta kwisha.

NyumaYaKiti:

Samahani kuvuruga, lakini kwa nini injini mbele? Chukua Corolla Runx yenye 2ZZ-GE, toa injini, gia boksi, fremu ndogo ya mbele na habu zake kwa pamoja, uviweke nyuma ya kiti. Hakuna propela (shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma), hakuna difu la peke yake, hakuna handaki. Lotus wenyewe waliweka 2ZZ hiyohiyo kwenye Elise.

SpringiNne:

Hoja nzuri, na fremu inakuwa rahisi kweli. Ila aliyeuliza anayo Altezza tayari, na njia ya Runx ina mitego yake. Habu za mbele zina mkono wa stelingi. Ukizipeleka nyuma, tairodi zake lazima zifungwe kwenye fremu, na pale zinapofungwa ndipo panapoamua kama gurudumu la nyuma litageuka likipanda. Gurudumu la mbele likijigeuza dereva analisahihisha. La nyuma likijifungua nje katikati ya kona, gari linageuka kabla hajasahihisha. Jaribio la leza hapo si la hiari. Ongeza nyaya za gia za kurefusha, na mabomba ya maji ya mita mbili na zaidi kwenda kwenye radieta ya mbele, ambayo yanashika hewa usipoweka tundu la kutolea hewa mahali pa juu kabisa.

WayaMweusi (Mombasa):

Nazungumzia umeme, mafuta na breki, maana hapo ndipo magari mengi ya aina hii hulala miaka chini ya turubai.

Boss, usikate hata waya mmoja Altezza ikiwa bado inawaka. Iwashe kwanza, ipige video, andika taa zipi zinawaka kwenye dashibodi. Halafu toa wayaringi nzima kutoka mbele mpaka nyuma, kontrol boksi (kompyuta ya injini), boksi la fyuzi, relei zote, swichi ya ufunguo. Kama ufunguo wake una chipu, toa pia koili inayozunguka tundu la ufunguo pamoja na boksi lake: kontrol boksi, koili na ufunguo vyote vitoke gari moja. Wengine huuza bodi na kila kilichobaki ndani yake, halafu wanagundua injini inawaka sekunde mbili na kuzima. Pedali ya mafuta usiiache nyuma pia, na sensa yake.

Tandaza wayaringi kwenye meza, bandika karatasi yenye jina kwenye kila plagi, vua utepe wote. Kisha iunganishe kwenye injini ikiwa kwenye fremu tupu na uiwashe HIVYO HIVYO, na madirisha ya umeme na kila kitu kikining'inia. Ikiwaka, ndipo unaanza kupunguza: madirisha, viyoyozi, spika, lumbesa yote hiyo. Toa kundi moja, washa, toa lingine. Ukipunguza kwanza na isiwake, hutajua ni waya upi kati ya mia.

Bodi ya Altezza yote ilikuwa ardhi ya umeme. Fremu yako imepakwa rangi. Weka kebo ya milimita za mraba 25 kutoka betri hadi kwenye injini, nyingine kutoka injini hadi fremu, na pale inapofungwa kwangua rangi mpaka chuma king'ae, ukishafunga paka grisi. Taa zinazofifia unapopiga honi, geji ya joto inayopanda ukiwasha taa, sensa zinazosema uongo: tisa kati ya kumi ni ardhi.

Mafuta. Tangi la kutengeneza liwe na kuta za ndani zenye matundu, na chombo kidogo cha lita moja au mbili ambacho pampu inanyonya humo. Bila hicho, kwenye kona ndefu tangi likiwa robo, pampu inanyonya hewa na injini inakata. Mpira uwe wa injini za sindano, si ule wa kabureta. Unafanana, lakini presha ya pampu ya umeme inaupasua. Bomba la mafuta na eksozi visipite handaki moja.

Breki. Kalipa na diski za Altezza ni nyingi kwa gari hili, sawa. Shida ni mgawanyo. Kwenye Altezza mfumo wa ABS (unaozuia tairi kufunga) ndio uliokuwa unapunguza nguvu ya nyuma. Ukiutoa na kuunganisha mabomba moja kwa moja, nyuma inaweza kufunga kwanza kwenye mvua. Weka valvu ya kurekebisha kwenye bomba la nyuma, anza ukiwa umeipunguza sana, ongeza kidogo kidogo uwanjani mpaka mbele ifunge kwanza kwa tofauti ndogo. Ukitoa na breki busta (inayosaidia mguu kukanyaga), masta (silinda kuu ya breki) ya Altezza itakuwa kubwa mno na pedali itakuwa ngumu kama ukuta: tafuta masta ya milimita 19 na uwiano wa pedali wa 5 au 6 kwa 1. Mabomba ni ya 4.75, nati za Toyota ni M10 × 1.0, na ncha ikunjwe mara mbili. Ncha ya kukunjwa mara moja huvuja au hupasuka, na bomba la shaba tupu la friji lisikaribie gari.

Propela. Ukifupisha umbali wa ekseli hadi ekseli kwa milimita 270, propela inafupishwa pia, kwa mtu mwenye mashine ya kuibalansi, sio kwa macho. Flenji ya gia boksi na ya difu ziwe sambamba, zisitofautiane zaidi ya digrii moja, na propela ikutane nazo kwa digrii 1 hadi 3. Ikiwa moja inaangalia juu na nyingine chini bila kulingana, utasikia mtetemo kiunoni unapofika mwendo wa barabara kuu. Na weka kitanzi cha bapa la milimita 3 kuzunguka mbele ya propela. Ikivunjika msalaba hapo, iko sentimita kumi tu na kiwiko chako.

Kwa wa pwani: sakafu ya chuma chomelea vipande vya milimita 25 kila baada ya 75, usitoboe matundu ya riveti kwenye paipu za chini na kuyaacha wazi. Maji ya chumvi yanaingia, hayatoki, na paipu inaliwa kutoka ndani wewe ukiwa unaosha nje.

VeniaMkononi:

Nimesahau mawili. Rolibaa (upinde wa kuwalinda walio ndani gari likipinduka) isitengenezwe kwa bomba la maji. Kanuni za FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) kwa upinde mkuu zinataka bomba lisilo na mshono lililovutwa baridi, 45 × 2.5 au 50 × 2.0, na miguu yake ishuke mpaka kwenye viungo vya fremu, isiishie katikati ya paipu. Bolti za mikanda ya viti ni za 7/16 UNF, zifungwe kwenye nati nene iliyochomewa kwenye bamba la milimita 3. Ukipitisha bolti kwenye paipu ya 1.6 na kukaza, unaibonyeza tu.

La pili ni makaratasi. Namba ya chesisi ya Altezza imegongwa kwenye ukuta wa bodi, mbele ya dashibodi. Kuikata na kuichomelea kwenye fremu mpya sio ujanja, ni kughushi utambulisho wa gari, hata kama kadi ni yako. Hapa Tanzania usajili uko TRA, kwa ndugu zetu wa Kenya ni NTSA. Nenda na michoro na kadi ya Altezza kabla ya kununua paipu, uulize kwa maandishi gari la kujitengenezea litapokewa kwa masharti gani. Tunza risiti za kila paipu na picha za kila hatua, kwa sababu weldi iliyofunikwa na bati hakuna mkaguzi atakayeiona. Kama jibu ni hapana, bado linaweza kuwa gari la uwanjani, lakini ni bora ujue mapema, maana taa, honi na kimo cha bampa havitakuwa na haja.

MtuWaMsamvu:

Nimekwenda na mizani kwenye maduka mawili. La kwanza paipu "ya 1.6" ina urefu wa mita 6.0 na kilo 5.2. La pili ina mita 5.8 na kilo 6.5. Ya pili ina bei ya juu karibu nusu zaidi.

VeniaMkononi:

5.2 gawanya kwa 6 ni 0.87. Hiyo ni 1.2, wamekuandikia tu 1.6. 6.5 kwa 5.8 ni 1.12, ndiyo yenyewe. Chukua kumi za duka la pili, na kwa kuwa ni fupi unapata mita 58 badala ya 60, bado zinatosha ukianza kukata vipande virefu kwanza. Za duka la kwanza chukua moja au mbili za kutengenezea stendi za injini na kushikilia vitu mezani. Zipake rangi nyekundu siku hiyohiyo, zisije zikachanganyika.